Saa zimekatwa, lakini kwenye takwimu tuna kazi

Mwandishi wa makala yenu anasema ukosefu wa ajira hapa jimboni Iowa, Marekani, bado uko chini, kwa hiyo hali ni shwari. Shwari kwa nani? Kwenye hesabu hiyo ya kila mwezi, ukifanya kazi ya malipo hata saa moja tu katika wiki wanayoulizia, tayari una ajira. Ukikata tamaa ukaacha kutafuta kwa wiki nne, hata kwenye wasio na kazi humo!

Kwenye ghala ninakopakia mizigo, Des Moines, hawajafukuza mtu. Wametupunguzia saa tu, kutoka 40 hadi 24 kwa wiki. Kodi ya nyumba mbona haijapunguzwa? Sasa jioni nasambaza vyakula vya watu kwa kigari changu, mafuta juu yangu, na kwenye takwimu mimi niko salama kabisa.

Halafu mji wa Perry, humu humu Iowa, mmeusahau. Kampuni ya nyama ya Tyson ilifunga kiwanda cha nyama ya nguruwe pale Juni 2024, watu takriban 1,300 wakabaki bila kazi, katika mji wa watu kama 8,000. Ukichanganya na jimbo zima hawaonekani. Nendeni mkaulize wenye maduka ya pale.