Kiboksi cha simu na yule mwanamke wa saa saba usiku

Kwa nyie mliozaliwa simu ikiwa kitu cha mfukoni, niwaeleze kwanza maana hamtaelewa. Miaka ile ya 1990 mwishoni, nyumba ilikuwa na laini moja tu ya simu ya mezani na kila kitu kilipita humo humo, simu yenyewe, faksi ya kutumiana karatasi zilizoandikwa, mashine ya kurekodi ujumbe, na ile modemu ya kuingilia intaneti iliyokuwa inalia kama paka kabanwa na mlango. Laini hiyo inabeba kitu kimoja kwa wakati, basi. Mtu akiinua simu sebuleni na kijana yuko kwenye intaneti, intaneti imekufa. Faksi ikiwahi kupokea, shangazi aliyepiga kuuliza hali anapigwa filimbi ya sikio mpaka anasahau alichotaka kusema.

Ukweni kwangu hali ndo ilikuwa hiyo. Baba mkwe kastaafu, kafungua kaofisi kwenye chumba cha nyuma, anaagiza vipuri kwa faksi na kumpelekea mdogo wake mwenye duka mji mwingine. Shemeji yangu mdogo yeye alihamia intaneti kabisa, anatoka kula tu. Mama mkwe ana dada zake wa kuongea nao, na hao dada hawajui simu ya dakika tano. Kila siku vita. Na mimi siku ya kujitambulisha nilisema niko kwenye mambo ya kompyuta, sasa ukisema hivyo ukweni ujue wewe ndo fundi wa redio, pasi, saa ya ukutani na pampu ya maji. Baba mkwe akaniita akanipa kiboksi cheusi cha ukubwa wa tofali nusu, akasema, "Mwanangu, hiki kinagawa laini. Kifunge nyumba ipate amani."

Amani, sawa.

Kazi ya kile kiboksi ukiisoma kwenye kijitabu inapendeza sana. Waya mmoja unaingia kutoka ukutani, nyuma kuna matundu matatu, simu, faksi, modemu. Mtu akipiga, kiboksi kinapokea chenyewe kimya kimya, halafu kinamchezea aliyepiga mlio bandia wa kuita ili adhani bado haijapokelewa, kumbe huku kinamsikiliza. Faksi inapopiga huwa inatoa kimlio cha herzi 1100, nusu sekunde inalia, sekunde 3 inanyamaza, inalia tena. Kiboksi kikisikia hicho kimlio kinasema aha huyu faksi, kinampeleka kwa faksi. Kisiposikia kitu kinasema huyu binadamu, kinaliza simu ya sebuleni. Na mwenye kutaka modemu anabonyeza 33 baada ya kupokelewa. Kwa hiyo amani ya nyumba nzima inategemea sikio la kiboksi, na sikio lenyewe ndo hilo la kutofautisha mluzi na mtu.

Siku ya kufunga nilianza na tundu la ukutani lililokuwa limelegea. Laini ya simu ikiwa imetulia ina volti kama 48 hivi, ukigusa kwa vidole vikavu unaweza usisikie kitu, kwa hiyo nimeshika zile nyaya mbili kwa raha zangu naeleza watu namna umeme wa simu usivyo na madhara. Ambacho sikuwaeleza, kwa kuwa nilikuwa sijafika hapo, ni kwamba simu ikianza kulia kampuni inasukuma volti nyingine za kulizia, zinaweza kufika 90. Dada yake mama mkwe akapiga. Neno lililonitoka mdomoni siwezi kuliandika hapa na sikupaswa kulisema pale, mbele ya baba mkwe, mama mkwe na mke wangu aliyenishikia tochi. Mama mkwe akajifanya anatafuta kitu chini ya kochi. Baba mkwe akakohoa. Tukaendelea.

Sasa kulikuwa na simu ya pili, ya chumbani kwa wakwe, na waya wake ulichepuka ukutani kabla ya kufika kwenye kiboksi. Kijitabu kimeandika kwa herufi nene, kila simu lazima ikae NYUMA ya kiboksi, ikibaki mbele itapokea mambo yasiyoihusu. Mimi mkwe chumbani kwa wakwe naingiaje? Nikamtuma shemeji, nikamchorea mpaka mchoro, nikamwambia waya huu utoe hapa uuchomeke hapa. Akaingia, akakaa humo muda wa kutosha mtu kujenga ukuta, akatoka akasema tayari shem. Nikaamini. Yule kijana alikuwa anawahi kurudi kwenye intaneti, hakugusa kitu, na hilo lilikuja kujulikana baadaye sana kwa njia mbaya.

Wiki ya kwanza malalamiko yalikuwa madogo madogo. Dada wa mama mkwe akaanza kulalamika bili, anasema nikipiga kwenu simu inaita tu hampokei lakini kampuni inanikata hela. Kweli kabisa, maana kiboksi kikishapokea kwa kampuni simu imepokelewa, huo mlio anaousikia ni wa kiboksi. Nikamweleza, akasema kwa hiyo mnalipisha watu kusikiliza mlio wa uongo. Sikuwa na la kujibu.

Halafu likaja la baba mkwe mwenyewe. Mzee ana tabia ya kupiga mluzi. Akisubiri chochote, maji yachemke, habari ianze, mtu apokee simu, anapiga mluzi, kafupi, ananyamaza, kafupi tena. Mnaona linapoelekea. Akipiga nyumbani kutoka njiani, mlio bandia unaita, yeye fyuu... kimya... fyuu, na kiboksi kwa akili zake kinasema karibu faksi. Faksi inapokea inamjibu kwa lugha yao, ule mlio wa herzi 2100 unaopita kwenye ubongo. Mzee karudi nyumbani kanikuta, hata shikamoo yangu hajaitikia vizuri, ananiuliza, "Mkwe, hivi nyumba niliyoijenga mimi, nikiipigia simu inanizomea?"

Haya niambieni nyie, mkwe anamwambiaje baba mkwe aache kupiga mluzi? Nikapitisha kwa mke wangu, mke wangu akapitisha kwa mama yake, na ujumbe ulivyofika ulifika hivi, "mkweo anasema una kelele." Siku mbili tatu tukawa tunasalimiana kwa kichwa tu.

Lakini hayo yote ni utangulizi, kasheshe yenyewe ni ya usiku.

Mdogo wake baba mkwe pale dukani alikuwa na kompyuta ya hesabu za stoo, na wakakubaliana iwe inapiga simu usiku wa manane, inaingia kwenye kompyuta ya baba mkwe kupitia modemu, wanapeana orodha, asubuhi kila mtu anajua nini kimeisha. Wazo zuri sana. Kijana wa dukani akaambiwa namba ni hii, na mwishoni weka 33 ya kiboksi. Akaiweka. Akaiunganisha na namba moja kwa moja, kwa hiyo zile 33 zinatoka pamoja na namba wakati kiboksi hata hakijapokea, zinapotelea hewani. Halafu modemu inayopiga ni mashine ya adabu mno, haisemi kitu, inakaa kimya kusubiri upande wa pili uanze. Modemu nyingi zinasubiri kama sekunde 50, zisiposikia mwenzao zinakata, baadaye zinapiga tena.

Kwa hiyo kiboksi kinapokea, kinasikiliza, hakisikii mluzi, kinasema huyu ni mtu, kinaliza simu ya sebuleni.

Mwone sasa mama mkwe. Saa saba usiku. Ile simu ya chumbani ambayo shemeji hakuihamisha inalia mlio mmoja tu, tii, basi, kwa sababu kiboksi kishapokea. Kimya kidogo. Halafu ya sebuleni inaanza kulia. Mama anaamka, anatembea gizani, anajigonga kwenye meza, anainua, "Haloo?" Kimya. "Haloo, nani?" Kimya, ila unasikia laini iko hai, kuna mtu. Anaongea, anauliza, hakuna kitu, halafu kah, amekata. Kesho yake hivyo hivyo. Na keshokutwa. Mlio mmoja chumbani, ambao mama tayari ameshautafsiri kuwa ni ishara, halafu sebuleni, na akipokea yeye mtu hasemi.

Mama hakusema chochote kwa siku kadhaa. Ukimjua utaelewa hiyo ndo hatua ya hatari.

Usiku mmoja akamwacha baba mkwe apokee yeye, kisha akamfuata nyuma taratibu akasimama mlangoni. Mzee akainua akasema haloo kwa sauti ya chini. Hiyo sauti ya chini ndo ilimponza. Mke wangu alinisimulia kesho yake huku anacheka na kulia kwa pamoja, eti mama alikuwa anauliza, "Kwa nini umesema haloo kwa kunong'ona?" na baba anajibu, "Ni saa saba usiku mke wangu, watu wamelala!" na mama, "Watu gani wamelala, si mimi niko macho? Au hukutaka mimi niamke?" Hapo shemeji yuko chumbani kwake anasikia kila kitu na anajua kabisa waya hajauhamisha, kanyamaza.

Nikaitwa kwenye kikao, mimi pamoja na mjomba wa mke wangu kama msuluhishi. Nikasikiliza maelezo yote, muda, mlio mmoja, kimya cha kama dakika, kukata. Nikauliza kwa adabu zote, "Samahani mama, huyo mtu huwa anapumua?" Mama akafikiri. "Hapana. Ni mwanamke mwenye kiburi sana."

Nikawaambia huyo ni kompyuta. Aisee. Mama mkwe alinitazama kwa huruma, ile huruma ya kumtazama mtoto wa mtu aliyetumwa kudanganya na hajui kudanganya. Akasema, "Mwanangu, wewe kula chakula chako, mambo ya baba yako niachie." Baba mkwe naye badala ya kunisaidia akadakia kwa furaha ya mtu aliyetupiwa kamba, "Eeh! Kompyuta! Si nilikwambia!" wakati hakuwa amemwambia mtu yeyote, na hilo likaharibu kila kitu zaidi.

Ikaamuliwa tulale pale tusubiri. Basi hiyo usiku sebuleni tuko wote, baba mkwe na msuli wake, mjomba anasinzia kwenye kiti, mama mkwe kakunja mikono kakaa jirani na simu, mke wangu kanikazia macho maana heshima ya ndoa yetu ilikuwa ukingoni. Chumbani tii, moja. Mama akaruka, "Mmesikia! Ishara hiyo!" Kisha sebuleni ikaanza. Akainua kabla ya mtu kusogea.

Sitasahau hotuba ile. Alimwambia modemu kwamba yeye ndiye mwenye nyumba, kwamba amezaa kwenye nyumba hii, kwamba huyo mwanaume unayemtaka anakoroma na ana gauti, njoo umchukue mchana na masanduku yake uone kama utamweza. Modemu kimya. Mama akageuka kwetu kafunika simu kwa kiganja, "Mnaona anavyosikiliza? Hana hata aibu!" Na mimi nahesabu kichwani, sekunde zinakwenda, ikikata hapa hakuna tena wa kuniamini.

"Mama samahani, naomba nibonyeze kidogo." Nikanyoosha mkono nikabonyeza 3, nikabonyeza 3. Kiboksi kikasema klik, simu mkononi mwa mama ikafa, na kule chumba cha nyuma ikaanza piiiiii, halafu krrrr, kshhhh, bong, bong, kshhhhhh, spika ya modemu ikitangaza kwa nyumba nzima. Mjomba akaamka akatafuta viatu. Baba mkwe akasimama kwa hamasa anaelekeza kidole chumba cha nyuma, "Huyo! Huyo hapo! Mnamsikia?" Halafu ghafla kimya, maana zikishaelewana spika inazimwa.

Mama akasikiliza. "Wamenyamaza. Wanafanya nini?"

"Wanahesabiana vipuri, mama."

Akaenda mwenyewe kuangalia, akakuta taa za modemu zinamweta na kwenye skrini orodha inashuka, breki pedi, fani belti, plagi. Akaisoma yote. Kesho yake nilimpigia kijana wa dukani nikamwambia baada ya namba weka koma, kila koma moja modemu inapumzika sekunde 2, zipange za kutosha mpaka kiboksi kiwe kimepokea ndo hizo 33 zitoke. Na waya wa chumbani ulihamishwa, na mama mwenyewe, shemeji kamshikia tochi.

Lakini hiyo ni kesho yake. Usiku ule mama alirudi sebuleni, akakaa, akajifunga kanga vizuri, akasema haya, nimekubali, huyo wa saa saba usiku ni mashine na nimemsamehe. Tukapumua wote. Baba mkwe akaanza kucheka.

"Sasa niambieni," mama akasema, "na yule wa saa nane mchana, anayeongea?"

Baba mkwe akatazama dari, akaanza kupiga mluzi. Mimi nikakumbuka kuna waya kule chumba cha nyuma sijaukagua.