Mama hakuwa mkaidi

Kwa miezi kadhaa nilimgombeza mama yangu kwa kosa lisilo lake. Ana kisukari miaka mingi, na dawa zake alikuwa akizifuata kama saa. Kisha akaanza kuruka dozi. Asubuhi moja nilimkuta ameketi kitandani, sindano ya insulini mkononi, kifuniko kiko sakafuni. "Hivi nimeshachoma?" Nikamwambia ameanza ukaidi. Neno hilo linaniuma hadi leo.

Tunapenda kusema ni uzee. Lakini kisukari cha aina ya 2 huongeza uwezekano wa kupata dimensia, yaani ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, kwa takriban mara moja na nusu. Sukari ikikaa juu miaka nenda miaka rudi, huharibu mishipa midogo ya damu, na tunayoihofia machoni na kwenye figo imo vilevile kwenye ubongo. Mama husimulia ya utotoni bila kukosea hata jina. Kinachomshinda ni kupanga, kukadiria, kushika mambo mawili kwa wakati mmoja. Na kisukari kila siku kinadai hayohayo: pima, soma namba, kadiria dozi, kula kwa wakati!

Halafu sote tunaogopa sukari kupanda, kushuka hatukutaji. Sukari ikiwa chini ya 4 (mmol/L), mzee anaweza asitetemeke wala asitoke jasho. Anababaika tu, nasi tunasema leo kaamka vibaya. Kushuka sana kunahusishwa na dimensia, na mwenye dimensia naye hushuka kirahisi kwa kuwa hakumbuki kama amekula. Ndiyo maana kwa mzee aliyeanza kusahau, madaktari wengi huridhika na HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari kwa miezi miwili mitatu, chini ya asilimia 8. Kumkimbiza mzee afikie namba za kijana ni kumhatarisha.

Miaka yote hiyo kliniki walimpima presha, miguu na macho. Kumbukumbu hakuna aliyeiuliza, ingawa Chama cha Kisukari cha Marekani kinashauri ichunguzwe kila mwaka kuanzia miaka 65. Ulizeni nyinyi. Ulizeni pia kuhusu vitamini B12, maana metformini, dawa ya kisukari, ikitumika muda mrefu huweza kuipunguza, na upungufu huo nao husahaulisha, ila unatibika.

Daktari amempunguzia mama sindano, sasa ni moja kwa siku. Namchoma mimi, yeye anaandika saa kwenye daftari, kwa mwandiko wake uleule wa kulala.