Tusiuruke Mstari Unaofungua Dirisha

Masomo mengi ya kuchora kwa programu huupita mbio mstari unaofungua dirisha. Mwalimu anaandika size(400, 300), anasema "hili ndilo dirisha letu," na kabla mwanafunzi hajauliza lolote, duara limeshachorwa, limepakwa nyekundu na linarukaruka. Hapo ndipo somo linapoanza kuharibika. Mwanafunzi anayekuja baadaye akilalamika kwamba mchoro wake umepotea, mara nyingi tatizo lake si duara. Anajua kuchora duara vizuri tu. Asichokijua ni dirisha.

Tuichukue Processing, programu ya kuandikia michoro iliyoanzishwa mwaka 2001 na Casey Reas na Ben Fry walipokuwa chuo cha MIT. Ukiiendesha bila kuandika hata herufi moja, bado itakufungulia kijidirisha cha kijivu chenye pikseli (nukta ndogo zinazounda picha ya skrini) 100 kwa 100. Walimu wengi hawakionyeshi kabisa, wanaona ni kidogo mno na hakina maana. Mimi ningeanzia hapo hapo. Mwache mwanafunzi akione kijidirisha hicho, kisha aandike size(100, 100) na aone hakuna kilichobadilika, kisha aandike size(400, 300) na akione kinatanuka. Dakika chache tu, na tayari amejifunza mwenyewe kwamba namba ya kwanza ni upana, ya pili ni kimo, na kwamba maktaba (mkusanyo wa amri za kuchora zilizo tayari kutumika) ina thamani zake inazozitumia usipoiambia chochote.

Sasa mwambie achore duara la kipenyo cha pikseli 80, kitovu chake kiwe 400 na 300. Itatokea robo tu, imebanwa kwenye kona ya chini kulia. Robo tatu zilizobaki zimechorwa nje ya dirisha, na maktaba haitoi onyo lolote. Nakipenda sana kipande hicho cha duara, maana kinafundisha mambo mawili kwa pamoja. Kwanza, nje ya dirisha pana nafasi isiyoonekana, na kuchora huko si kosa. Pili, hesabu inaanzia sifuri juu kushoto, kwa hiyo pikseli ya mwisho inayoonekana iko 399 upande wa kulia na 299 kwenda chini.

Hili la y kukua kuelekea chini linastahili muda wake. Kwenye grafu za darasani tumezoea y ikipanda, halafu kompyuta inatuambia inashuka, na mwalimu anasema "ndivyo ilivyo, zoea tu." Sababu ipo na haihitaji maelezo marefu: skrini za zamani za mirija zilichorwa na mwale wa elektroni ulioanzia juu kushoto, ukapita mstari mmoja hadi mwisho, ukarudi kuanza mstari wa chini yake. Kumbukumbu ya picha ikapangwa kwa utaratibu huohuo, na maktaba nyingi zikaurithi.

Lakini si zote. Moduli ya turtle (yaani kobe, anayechora akitembea) ya lugha ya Python inafuata nyayo za Logo, lugha iliyobuniwa mwaka 1967 na Wally Feurzeig, Seymour Papert na Cynthia Solomon. Humo sifuri iko katikati ya dirisha na y inapanda. Mtoto aliyeanza na kobe huyo, akihamia Processing na namba zake zilezile, ataiona nyumba yake imepinduka, paa chini, na sehemu kubwa imetoroka kushoto na juu. Mtoto huyo hajakosea hesabu hata kidogo. Amehamishwa dirisha bila kuambiwa.

Kwa maoni yangu, maktaba iliyolishughulikia suala hili kwa busara kuliko zote za wanaoanza ni graphics.py, maktaba ya Python ya John Zelle. Unafungua dirisha kwa GraphWin, kisha kwa setCoords(0, 0, 10, 10) unaamua mwenyewe kwamba kona ya chini kushoto ni sifuri na ya juu kulia ni kumi. Kuanzia hapo unachora kwa vipimo vyako, na kugeuza kuwa pikseli ni kazi ya maktaba. Mwanafunzi anagundua kwamba vipimo ni makubaliano, vinaweza kubadilishwa. Natamani kila maktaba ya wanaoanza ingekuwa na kitu kama hicho mlangoni kabisa.

Upande mwingine wa dirisha ni muda, na huu husahaulika zaidi. Kwenye Processing, sehemu ya programu iitwayo setup() hupita mara moja na ile iitwayo draw() hurudiwa, kwa kawaida mara 60 kwa sekunde. Hamisha mstari mmoja tu, background(255), unaopaka dirisha zima rangi nyeupe, kutoka draw() kwenda setup(), na duara linalotembea linaanza kuacha mkia mrefu nyuma yake. Darasa zima litauliza kwa nini. Jibu ni kwamba dirisha halifutiki lenyewe; kilichochorwa kinabaki mpaka kitu kingine kichorwe juu yake.

Pygame, maktaba ya Python ya kutengenezea michezo, haifichi mzunguko huu. Unafungua dirisha kwa set_mode, kisha ni juu yako kuandika while (amri ya kurudiarudia), kusoma matukio ya kipanya na kibodi, na kuita flip() ili mchoro uonekane. Usiposoma matukio, mfumo wa kompyuta utatangaza kwamba programu haijibu. Wapo wanaosema ni mzigo mzito kwa anayeanza, na kwa siku ya kwanza nakubaliana nao. Ila sikubali afike mbali bila kuuona. Asiyejua kwamba dirisha linaishi kadiri programu inavyoishi hataelewa kwa nini programu fupi ya turtle bila done(), inayoliacha dirisha wazi, mwishoni inaweza kumulika dirisha na kulizima papo hapo, wala kwa nini mifano ya Zelle humalizikia na getMouse(), inayosubiri mbofyo wa kipanya, kabla ya close(), inayofunga dirisha.

Najua hoja ya upande wa pili: wanafunzi wanataka picha haraka, dirisha tupu litawachosha. Sidhani, iwapo watapewa kazi ya kufanya nalo. Kazi ninayoipendekeza ni kuweka nukta nene kwenye kila kona ya dirisha, basi. Wengi wataandika 399 na 299, na nukta zitakaa sawasawa. Kisha waambie wabadilishe mstari wa size() tu, uwe 600 kwa 500, wasiguse kingine chochote. Walioandika width - 1 na height - 1 (width ni upana wa dirisha, height ni kimo chake) wataona nukta zimehamia kona mpya. Wengine watabaki na nukta moja tu iliyo konani, ile ya sifuri. Mbili zitakuwa zimekwama kando ya kingo na moja inaelea ndani. Wape muda wazirekebishe wenyewe kabla ya kumfundisha yeyote kuchora duara.