Hakuleta Hata Tofali?

Jumapili nilikuwa kwenye kikao cha ndugu na mpaka leo damu inanichemka. Binamu yangu anaachana na mkewe, nyumba ya Mbagala inagombewa, na baba mkubwa akafunga mjadala: "Huyu mwanamke hakuleta hata tofali." Watu wakaitikia. Shemeji akainamia kanga yake, kimya. Mzee hajibiwi hovyo mbele za watu, kwa hiyo namjibu hapa.

Shikamoo baba mkubwa. Hivi tofali hununuliwa kwa hela gani? Si ile inayobaki baada ya watu kula? Sasa ilibaki kwa nini?

Binamu alikuwa anaacha elfu tano mezani, siku anazoacha. Ichukue hiyo elfu tano, nenda nayo genge lolote la Mbagala, rudi na chakula cha watu sita: unga, dagaa, fungu la nyanya, mafuta ya kupima, mkaa. Hapo hujagusa sabuni. Luku haijakata. Mtoto hajadai hela ya mtihani, wala hajapandisha homa usiku. Kama watoto wale wamekula na kusoma hadi leo, kuna mtu alikuwa anajazia, na si malaika.

Shemeji anaamka saa tisa usiku. Mchele ameshauloweka, ukasagwa, ukaumuka na nazi yake; kazi iliyobaki ni kukaa na moshi na kugeuza vitumbua kwa kijiti, kimoja kimoja. Kunakucha yuko kituoni na ndoo yake, kisha anakimbia kurudi kuwaandaa watoto. Faida haifiki kwenye pochi: nauli za wanafunzi, deni la dukani, hela ya mchezo wa kupeana, hisa ya kikoba. Tajiri alipouza daladala aliyokuwa anaendesha binamu, ile nyumba ililishwa na vitumbua kwa miezi, na baadhi ya saruji mnayoiona imesimama ukutani ilitoka kwenye mkopo wa kikoba. Wakati huo hakuna aliyeitisha kikao kuuliza nani kaleta nini.

Tatizo ni kwamba hela ya mama inaliwa. Uji wa mwaka juzi hauwezi kuletwa kikaoni kama ushahidi. Hela ya baba imesimama, imepigwa lipu, ina bati.

Na haya si maneno yangu ya vijiweni. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 114, kuhusu kugawana mali wanandoa wanapoachana, inataja mchango wa fedha, mali au kazi. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ikasema wazi kwamba kazi za mke nyumbani ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa. Zaidi ya miaka 40 imepita, sisi bado tunahesabu matofali.

Sijagusa hata kausha damu, ile mikopo ya riba kali, ambako mama anakopa kwa jina lake na vyombo vinavyobebwa ni vyake.

Haya, nikubali kwa shingo upande: wapo akina mama wanaofuja. Huyo huyo Bi Hawa hakupata mgawo, kwa kuwa mahakama iliona mumewe alishampa fedha za mradi wa familia naye akazitapanya. Wapo pia wanaume wanaoacha hela ya kutosha kila siku bila kukumbushwa. Hongereni, ingawa wengi wenu hamjui bei ya nyanya.

Lakini lililonimaliza ni karatasi. Binamu alileta mkataba wa mauziano ya kiwanja, ule wenye muhuri wa serikali ya mtaa. Nikauchungulia. Jina la shemeji limo, na sahihi yake imo, ila kwenye mstari wa mashahidi. Shahidi! Na kifungu cha 60 cha sheria hiyo hiyo kinadhania kuwa mali yenye jina la mmoja ni ya huyo mmoja mpaka ithibitishwe vinginevyo; yenye majina ya wote wawili, wana haki sawa.

Kwa hiyo dada zangu, siku mkiitwa kwa mwenyekiti kusaini, someni kwanza kalamu inawekwa wapi. Ikiwa ni kwa mashahidi, mwambieni mwenyekiti aandike upya. Atanuna, lakini fomu zipo.