Nabishana na watu nisiowajua, na siachi

Mkenya mmoja, ambaye mpaka leo simjui jina wala sura, ndiye aliyenifundisha jinsi treni ya dizeli inavyofanya kazi. Hakukusudia kunifundisha. Alikusudia kuninyamazisha.

Ilikuwa Agosti 2024, siku chache baada ya Rais Samia kuizindua rasmi treni ya SGR ya Dar es Salaam hadi Dodoma. Watanzania tulikuwa hatushikiki. Kila aliyepanda alirudi na video ya dirishani, na nyingine ya skrini ya ndani ya behewa inayoonyesha mwendo wa kilomita 160 kwa saa. Mimi nilikuwa hata sijapanda, lakini nikaona nisipitwe. Nikaandika mtandaoni kwamba majirani zetu walitangulia kweli mwaka 2017, ila walinunua teknolojia ya babu zao: wao dizeli, sisi umeme. Nikazima simu nikalala usingizi wa mtu aliyelitendea taifa lake jambo.

Asubuhi nikakuta jibu. "Ndugu yangu wa Bongo, hata treni yetu magurudumu yanazungushwa na stima. Tofauti ni kwamba yetu imebeba jenereta yake, yenu inanyonya kwa waya. Enda usome kisha urudi."

Nilicheka. Nikaenda kusoma ili nirudi kummaliza, na huko ndiko nilikomalizwa mimi. Vichwa vya treni vya Kichina wanavyotumia Wakenya, DF11 vya abiria na DF8B vya mizigo, vina injini ya dizeli isiyogusa gurudumu hata moja. Injini inazungusha jenereta, jenereta inazalisha umeme, umeme unakwenda kwenye mota zilizo chini kabisa, kwenye ekseli. Ndivyo vichwa vingi vya dizeli duniani vilivyo, kwa sababu ukitaka kuondoa maelfu ya tani kutoka kusimama kwa giaboksi kama ya lori, giaboksi itasagika. Mota ya umeme ina nguvu tangu mzunguko wa kwanza. Kwa maana hiyo treni yao na yetu ni ndugu wa tumbo moja, kilichowatenganisha ni mahali jiko lilipo.

Miaka arobaini na mbili ya kuishi, nimepanda treni tangu utoto, sikuwa nikijua hilo. Na nisingelijua kama nisingelimchokoza mtu nisiyemjua.

Nalisema hili kwa sababu kila siku nasikia watu wenye busara zao wakiasa kwamba kubishana mtandaoni na usiowajua ni kutwanga maji kwenye kinu. Dada yangu amenieleza hivyo, mchungaji wetu ameligusia madhabahuni, na daktari aliyenipima presha mwaka jana naye alikuwa na la kusema. Nawaheshimu wote. Lakini naona wanalaumu mahali pasipo kosa.

Wanaonidumaza ni marafiki. Kijiweni kwetu, pale tunapokunywa kahawa na kashata jioni, tunafahamiana kupita kiasi. Nikisema upuuzi kuhusu chanjo au bei ya mafuta, mzee mmoja atatikisa kichwa, "Aah, mwache, ndivyo alivyo," kikombe kinajazwa, habari inahamia kwa Simba na Yanga. Hakuna anayenituma nikasome. Wananipenda mno. Mkenya wangu hanipendi hata kidogo, ndiyo maana anaangalia kila tarakimu ninayoandika kama karani wa forodha anavyoangalia mzigo uliotoka Dubai.

Raundi ya pili ilihusu pesa. Niliona bora nikimbilie huko maana kwenye mota nilishapigwa. Nikaandika kwa kujiamini kwamba reli yao ni deni la Benki ya Exim ya China, ambayo ilitoa takriban asilimia 90 ya gharama, ilhali sisi tumejenga kwa fedha zetu wenyewe. Sentensi hiyo ya "fedha zetu wenyewe" nilikuwa nimeisikia majukwaani mara nyingi kiasi kwamba haikunijia akilini kuwa ni dai, na kwamba dai huhitaji ushahidi. Yeye hakuandika neno. Alibandika tu habari ya Februari 2020: mkopo wa dola bilioni 1.46, Standard Chartered akiwa kinara, kwa ajili ya reli ya Dar es Salaam hadi Makutupora, mbele ya Dodoma.

Unajua ile hali ya kukosa ngazi moja gizani? Ndiyo niliyoipata. Fedha za ndani zilikuwemo, hilo halikuwa uongo, ujenzi ulianza nazo. Lakini "tumejenga kwa fedha zetu wenyewe", hivyo kwa ujumla wake, haikuwa kweli, na niliisema kwa miaka minne bila kukatizwa na mtu hata mmoja wa karibu yangu.

Nilijitetea, sikatai. Nikamkumbusha kwamba Juni 2020 Mahakama ya Rufaa ya kwao iliamua kuwa shirika lao la reli lilikiuka sheria ya manunuzi lilipoipa kazi kampuni ya China Road and Bridge. Akakiri: "Hiyo ni kweli, na ilituuma." Kukiri huko kulinishtua kuliko habari ya mkopo. Sikuwa nimejiandaa kwa mpinzani anayekiri.

Halafu wakaja ngedere. Siku zilezile za uzinduzi, treni yetu ilisimama njiani kwa hitilafu ya umeme, na taarifa ya shirika letu la reli ikawataja ngedere na ndege walioingia kwenye miundombinu. Wakenya walisherehekea wiki nzima. Mimi nilikuwa na silaha yangu sandukuni: tarehe 7 Juni 2016, tumbili mmoja alianguka juu ya transfoma katika kituo cha umeme cha Gitaru, na nchi yao nzima ikaingia gizani. Tumbili mwenyewe alipona. Nilipoiandika hiyo, watu zaidi ya kumi nisiowajua, wa pande zote mbili za mpaka wa Namanga, walicheka pamoja, na kwa takriban saa nzima hakuna aliyetukanana. Afrika Mashariki iliungana chini ya tumbili.

Baada ya kicheko ndipo ubishi ukawa mtamu. Aliniuliza swali ambalo sikuwa nimelifikiria: gridi ikianguka, treni yenu inafanyaje? Akatoa mfano wa kwao wenyewe, usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, stima ilipokatika karibu nchi nzima hadi uwanja wa ndege wa Nairobi ukawa giza. Kichwa cha dizeli, alisema, hakijali. Kweli, hakijali. Hilo sikuwa na jibu lake, na sina.

Nikajibu kwa breki. Treni ya umeme ikishuka mlima inageuza mota zake kuwa jenereta, na umeme unaopatikana unaweza kurudi kwenye waya na kutumiwa na treni nyingine. Ya dizeli nayo inaweza kufunga breki kwa mota, lakini umeme ule hauna pa kwenda, unachomwa kuwa joto na kupeperushwa hewani. Nikamwambia, nyie mna mteremko wa zaidi ya mita 1,500 kutoka Nairobi mpaka baharini, nishati yote hiyo mnawapasha joto ndege wa Tsavo. Nilijiona nimemaliza kazi.

"Mkuu," alijibu (alikuwa ameshaanza kuniita mkuu, nadhani kwa kejeli), "mizigo mizito hupanda. Yanayoshuka kwenda Mombasa mengi ni makontena matupu."

Nililisoma jibu hilo mara tatu. Mtu huyu alikuwa amechukua hoja yangu ya fizikia akaipitisha katikati ya biashara ya nchi yake, ambayo inaagiza kuliko inavyouza, kisha akanirudishia ikiwa nyembamba. Haikufa. Kontena tupu nalo lina uzito, na kichwa cha treni chenyewe si karatasi. Lakini haikuwa tena rungu niliyodhani ninayo.

Kitu kingine nilichokipata kwake ni neno. Yeye kila mara aliandika stima, mimi umeme. Nilimuuliza stima yenu inatoka wapi, akanitajia Olkaria, kule Bonde la Ufa, ambako karibu nusu ya umeme wao hutoka kwenye mvuke wa ardhini. Kwa babu zetu wa pwani stima ilikuwa meli ya moshi, iliyokwenda kwa mvuke. Kwa hiyo Wakenya waling'ang'ania neno la mvuke wakalipa umeme, na sasa umeme wao kweli unatoka kwenye mvuke. Yeye akaniuliza wa kwetu. Nikataja kwa fahari bwawa la Nyerere kule Rufiji, megawati 2,115. Akauliza mtambo wa kwanza uliwashwa lini. Februari 2024. Na kabla ya hapo? Gesi, nikakiri, ya Songo Songo na Mtwara. Basi usinililie mazingira, akasema.

Oktoba mwaka huohuo Mganda mmoja akauamsha ubishi wetu ukiwa umeshaanza kusinzia. Serikali yake ilikuwa imesaini na Yapi Merkezi, Waturuki walewale waliotujengea sisi Dar hadi Morogoro, kujenga reli ya umeme kutoka Malaba, mpakani na Kenya, hadi Kampala. Akatuambia wote wawili tukae pembeni. Mkenya akamkumbusha kwamba reli ya Kenya imeishia Naivasha tangu 2019, kwa hiyo treni hiyo ya umeme itafika Malaba na kukaa kumsubiri mtu ambaye bado yuko njiani. Hapo mimi nilikuwa mtazamaji tu, nikala karanga.

Sitaki nionekane kama nasema kila ubishi ni hivi. Mwingi ni uchafu. Wapo waliojiunga na ule wetu kwa kutukana makabila na mama za watu, na hao sikuwajibu. Kwenye siasa za uchaguzi ndiyo kabisa, pale mtu hajaleta hoja anakuuliza umelipwa shilingi ngapi.

Lakini kuna lawama moja inayotolewa kwa wabishi wa mtandaoni ambayo zamani niliishika na sasa nimeiacha: kwamba wanajificha nyuma ya majina bandia. "Kama mwanaume, weka jina lako." Niliwahi kuiandika sentensi hiyo, Mungu anisamehe. Desemba 2016 Maxence Melo, mwanzilishi mwenza wa jukwaa la mijadala la mtandaoni la JamiiForums, alikamatwa na kufikishwa mahakamani Dar es Salaam, na kiini cha kesi kilikuwa kukataa kuwakabidhi polisi taarifa za watu waliokuwa wakiandika kwa majina bandia. Sheria ya Makosa ya Mtandao ilikuwa na mwaka mmoja tu wakati huo. Mtu anayekudai jina kwenye mazingira hayo anakudai kitu chenye bei, na si yeye atakayeilipa. Kwenye ubishi wa mota jina halina kazi hata kidogo. Mkenya wangu angeweza kuwa profesa, utingo, au mtoto wa kidato cha pili. Jenereta ingezunguka vilevile.

Kuna mmoja ambaye bado namdai msamaha, au tuseme yeye ananidai. Machi 2020, wiki ambazo kila mtu alikuwa amegeuka daktari, alitokea mtu akisema watu wote wavae barakoa za kitambaa. Nikamvaa. Nilikuwa na WHO mfukoni, ambao wakati ule hawakuwa wakiwashauri watu wazima wa afya kuvaa barakoa mitaani. Nikambandikia waraka wa Kiingereza nikijua kabisa, kwa jinsi alivyoandika, kwamba Kiingereza kitamtesa. Alinijibu: "Mate yanaruka, kitambaa kinayazuia, hapo mpaka profesa?" Nikamwita mbumbumbu. Watu wakanipongeza.

Tarehe 5 Juni WHO wakabadili ushauri wao: barakoa za kitambaa, kwa watu wa kawaida, kwenye maeneo yenye maambukizi ambako kukaa mbalimbali ni vigumu. Niliisoma habari hiyo nikiwa kwenye daladala, nimevaa barakoa ya kitambaa. Nikamkumbuka palepale. Sikurudi. Nilijiambia kwamba siku ile nilikuwa sahihi kwa ushahidi wa siku ile, jambo ambalo si kweli sana, kwa sababu sikuwa nimeusoma ushahidi wowote, nilisoma nembo iliyo juu ya karatasi. Yeye ndiye aliyekuwa amefikiri.

Mwaka jana nilimtafuta. Akaunti haipo.

Tangu hapo nina daftari, lile la shule la kurasa 96. Ninapodai kitu mbele ya watu nisiowajua naandika dai langu na tarehe. Nikigundua nimekosea, narudi palepale nilipolisema, nalifuta kwa mstari mmoja hadharani. Nimefanya hivyo mara kumi na moja. Mara nne nilitukanwa, mara moja mtu alinitumia ya soda, zilizobaki hakuna aliyejibu. Mke wangu, aliyeliona daftari mezani, aliuliza, "Baba Neema, hivi hao watu nao wana daftari?" Sijui.

Ukurasa wa mwisho umebaki na swali la Mkenya. Aliniuliza: kusafirisha tani moja ya saruji kutoka Dar mpaka Dodoma kwa treni yenu ni shilingi ngapi, na kwa lori ni ngapi? Nimepata ya lori, kwa kuuliza madereva Ubungo, na kila mmoja alinipa bei yake. Ya treni naifuatilia. Juzi ameniandikia neno moja tu: "Bado?"