Mbio hazikumuua kijana wetu

Juzi kwenye kilio huku Katuba, mtaa wa Lubumbashi, mzee mmoja alisimama mbele ya watu akasema kijana wetu ameuawa na mbio. Ati alitazama mno mbio za moto, yaani pikipiki, kwenye televisheni kila Jumapili, mpaka namba za wakimbiaji alizijua kwa kichwa, na hizo ndizo zilimharibu akili. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Mama mmoja akaongeza kwamba ajali haina kinga. Nilinyamaza kwa heshima ya msiba na ya mzee mwenyewe, lakini maneno yale yamenikaa kooni na leo nayatoa.

Kijana alikuwa manseba, dereva wa moto ya abiria. Jioni ile alikuwa anatoka commune ya Kenya, hapa hapa mjini, baada ya kushusha mteja, kaske, yaani kofia ya kinga, imening'inia kwenye kiwiko kwa sababu ile kamba ya kidevuni ilikatika zamani na kofia ikawa inarushwa na upepo. Kulikuwa na lori limeegeshwa pembeni, nusu yake ndani ya barabara, bila taa hata moja, bila hata tawi la mti kuonya watu. Akaligonga kwa nyuma. Watu waliokuwa karibu wakamnyanyua mikono na miguu, wakampandisha kwenye moto nyingine, dereva mbele, yeye katikati, mtu wa kumshikilia nyuma, kichwa kinayumba huku na huku kila wanaporuka shimo. Hivyo ndivyo alivyofika hospitali. Alifika akiwa hai. Kabla hakujakucha alifariki.

Mnionyeshe mbio ziko wapi hapo.

Mimi nilikuwa naketi naye kutazama hizo mbio, kwa hiyo najua alichokuwa anakiona. Mtu asiyezifuata anadhani kijana wa Moto3, daraja la moto ndogo katika mbio za dunia, anawasha moto Jumapili na kukimbia kama mwendawazimu. Wapi! Siku kadhaa nzima zinatangulia hiyo nusu saa na kitu ya Jumapili. Kabla ya kuwasha injini wanaizunguka njia kwa miguu, kona kwa kona, wakiangalia lami ilipopasuka na maji yanapotuama. Ijumaa mazoezi. Jumamosi kutafuta nafasi ya kuanzia. Kaske inakaguliwa, moto inakaguliwa. Ndani ya suti ya ngozi kuna mfuko unaojaa hewa wenyewe kabla mwili haujapiga chini, na tangu 2018 wakimbiaji wa kudumu wa ubingwa wa dunia wanalazimika kuwa na mfuko huo. Kila kona kuna watu wenye bendera: ya njano ikipepea, mwenzako ameanguka mbele, marufuku kumpita mtu; nyekundu, wote mnapunguza na kurudi. Mzunguko wa kwanza, ambapo wote wamebanana, gari la daktari linawafuata nyuma. Na helikopta ya wagonjwa isipoweza kuruka kwa sababu ya ukungu, hakuna anayetoka. Fedha yote ile, televisheni za dunia nzima zinangoja, na watoto wanakaa gereji mpaka ukungu uinuke.

Siku moja mkimbiaji alirushwa kutoka kwenye moto yake akabingirika kwenye kokoto, akalala. Wenye bendera wakafika mbio, wakamzunguka, wakapiga magoti. Kijana wetu akanishika mkono, akiniita yaya, yaani mkubwa wake: "Yaya, ona, hakuna anayemnyanyua." Wanangoja daktari. Shingo inashikwa kwanza, kisha ubao unapitishwa chini yake taratibu, ndipo anainuliwa. Yeye alilijua hilo. Aliliona kwenye hizo hizo mbio zinazolaumiwa, na sisi tuliomnyanyua kama gunia la makaa hatukulijua.

Haya, nikubali jambo moja, kwa sababu lisiposemwa mtaniita mwongo. Mbio zinaua. Jason Dupasquier wa Uswisi alikuwa na miaka 19 alipoanguka Mugello, Italia, Jumamosi ya 29 Mei 2021, akitafuta nafasi ya kuanzia. Moto za nyuma zikamkuta pale pale. Madaktari walimhudumia kwenye lami hadi helikopta ikamchukua, na kesho yake akafariki. Julai mwaka huo huo Hugo Millán, mtoto wa miaka 14, akafia Aragón, Hispania. Septemba, Dean Berta Viñales, miaka 15, Jerez. Watoto watatu ndani ya msimu mmoja, na mimi sioni neno lolote la kupamba vifo hivyo. Hapo mzee ana haki yake, nampa.

Lakini tazameni kilichofuata. Wakubwa wa mchezo walikaa chini, wakapunguza idadi ya wanaoanza pamoja kwenye madaraja ya vijana, wakapandisha umri, na tangu 2023 mtu wa kawaida haingii Moto3 ya dunia kabla hajafikisha miaka 18. Waweza kusema walichelewa, na mimi nasema walichelewa. Ila waliuliza nini kilitokea, wakagusa sheria. Sisi baada ya kilio tumegusa nini? Nimepita pale jana. Kuna lori lingine, limeegeshwa vile vile.

Ndiyo maana ile "ajali haina kinga" inaniuma. Kaske iliyofungwa ni kinga. Taa ya lori ni kinga. Mtu anayejua kutokumnyanyua majeruhi ovyo ni kinga. Tunaisema methali hiyo ili tusitafute mwenye kosa, na marehemu ndiye anayebaki na lawama yote, kwa kuwa hana mdomo wa kujibu.

Kuna kisa kimoja alichokipenda sana. Mwaka 2021 kule Doha, Pedro Acosta, wakati huo ana miaka 16, aliadhibiwa pamoja na wenzake kadhaa: waanze mbio kutoka njia ya gereji, wote wengine wakishaondoka. Kosa lao halikuwa kukimbia sana. Kwenye mazoezi walikuwa wanatambaa katikati ya njia wakitazama nyuma, wakingoja mtu wa kumfuata, na hiyo ni hatari kwa anayekuja kasi. Ndicho tunachofanya hapa kila siku, kusimama ghafla katikati ya barabara kwa kuwa mteja ameinua mkono. Acosta alianza kutoka nyuma na akashinda. Kijana wetu alisimulia kisa hiki kwa wenzake pale kituoni, na cha ajabu, alichokazia ni ile adhabu kuliko ushindi. Baada ya hapo alikuwa anawagombeza wanaosimama ovyo.

Wengine watasema huo ni mchezo wa mbali na wa matajiri. Ngozi ni ghali, sibishi. Lakini Somkiat Chantra anatoka Thailand, ambako moto zinabeba abiria kama hapa kwetu. Mwaka 2016 alishinda kombe la vijana la Asia, 2022 akashinda mbio za Moto2, daraja la juu ya Moto3, kule Mandalika, Indonesia, na 2025 akaingia MotoGP, daraja la juu kabisa. Na watoto wa MiniGP, mbio za wanaoanza, wanajifunzia kwenye viwanja vidogo vya karting na moto za cc 160. Boxer ya cc 150 haiko mbali na hapo. Kijana wetu alianza na hiyo, bila mwalimu, siku ya kwanza tu na abiria wawili mgongoni, kwa sababu nyumbani walihitaji kula.

Mji huu unajua kujenga vijana. Mazembe, timu yetu ya mpira, haikucheza fainali ya klabu za dunia 2010 kwa bahati. Kulikuwa na uwanja, makocha, madaktari. Kwa wenye moto tuna polisi wa kudai makaratasi, basi. Na wasichana hata hatuwahesabu, ingawa Ana Carrasco alitwaa ubingwa wa dunia wa mbio za moto za Supersport 300 mwaka 2018 akiwashinda wanaume.

Ninachoomba hakihitaji mabilioni. Jumapili asubuhi maparkingi mengi hapa Lubumbashi yako tupu. Mwenye moja atufungulie geti kwa saa mbili. Mafundi walete kamba na vifungo, kila kaske iliyokatika ishonwe pale pale. Vijana wafundishwe kufunga breki kwenye mchanga, kusoma bendera, na wote, wenye moto na wapita njia, wafundishwe jinsi ya kushika shingo ya mtu aliyeanguka. Nimeshaongea na wakubwa wa kituo chetu na wamekubali kuja. Anayemjua nesi, au mtu wa Msalaba Mwekundu aliye tayari kutufundisha, anipatie namba yake wiki hii. Na wewe mzee wangu wa Katuba, njoo ukae mbele.