Karabai Iliyotundikwa Mwaloni

Wiki iliyopita nilikwenda mwaloni Kirumba, ufukweni hapa Mwanza mitumbwi inakoshushia samaki, kununua dagaa, na nilipokuwa nikisubiri kupimiwa niliona karabai kuukuu imetundikwa kwenye msumari katika kibanda cha fundi baiskeli. Kioo hakikuwapo, tangi lilikuwa limebonyea upande mmoja, na mahali pa utambi palikuwa wazi. Niliitazama kwa muda hata mama muuza dagaa akalazimika kuniita mara mbili: "Kaka, mzigo wako tayari." Katika muda huo mfupi nilikuwa nimerudi katika umri wa miaka minane, nimechuchumaa mlangoni nikimmulikia baba tochi ili aone anapomimina mafuta ya taa.

Nimeishi Mwanza miaka mingi. Jiwe la Bismarck, ambalo kila mgeni hulipiga picha, nalipita karibu kila siku bila moyo wangu kushtuka. Daraja la Kigongo hadi Busisi lilipofunguliwa mwaka 2025 nilifurahi kama kila mtu aliyewahi kukesha akisubiri kivuko, lakini furaha hiyo ilikuwa ya mtu mzima. Kilichofungua utoto wangu ni taa mbovu isiyo na thamani kwa mtu mwingine yeyote, na ninaamini sababu yake ni kwamba mtoto huishi karibu na vitu vidogo. Mambo makubwa huwa juu ya kimo chake. Anachokijua barabara ni kile alichotumwa kukileta, alichokatazwa kukigusa, na alichokivunja.

Utambi wa karabai nilikatazwa kuugusa, nami niliugusa. Ni kijifuko cheupe cha kitambaa ambacho kikishaungua mara ya kwanza hubaki kama jivu lililoshikamana, kinatoa mwanga mkali ajabu lakini hakistahimili hata ncha ya kidole. Nilitaka tu kujua kama ni laini. Ulimeguka na kuanguka bila sauti, na jioni ile hapakuwa na mwingine nyumbani wala duka lililokuwa wazi. Baba hakunipiga. Alinitazama, akafunga taa zilizobaki kwenye mtumbwi, akaenda ziwani akiwa na taa pungufu, nami nikalala nikiwaza dagaa ambao wasingekuja.

Kwa asiyewajua wavuvi wa dagaa, hasara hiyo inaweza kuonekana ndogo. Dagaa huvuliwa usiku kwa sababu hufuata mwanga, na mwezi unapokuwa mpevu nuru yake huenea juu ya maji yote, hivyo taa hukosa nguvu ya kuwakusanya na wavuvi hupumzika. Kalenda ya nyumba yetu ilikuwa hiyo: siku za giza tulikuwa na fedha za daftari, siku za mbalamwezi tulikuwa na baba.

Wapo wanaosema kwamba kukumbuka namna hii ni kuyapamba mambo ya kale na kuyakimbia ya leo. Sikubaliani nao. Sitamani karabai irudi. Taa za sola wanazotumia wavuvi wengi leo hazili mafuta wala hazipasuki kioo zikirushiwa maji, na zingekuwapo wakati ule baba angebakiwa na fedha nyingi zaidi. Tena kumbukumbu ya kweli haipambi kitu. Hukurudishia mambo yale yale uliyoyaona utotoni, ila safari hii unayaona kwa macho ya mtu aliyekwisha kulea watoto wake mwenyewe.

Usiku wa giza mama alikuwa akiketi nasi nje, na taa za mitumbwi zilizojipanga mbali ziwani zilionekana kama mji mwingine ng'ambo ya pili. Alitufundisha kuzihesabu, nami nilijua kuvuka mia kabla mwalimu hajanifundisha. Upepo ulipoanza kuvuma na taa kupungua moja baada ya nyingine, aliacha kuhesabu kwa sauti na kutuambia tuingie ndani tukalale. Sisi tuliona kwamba mchezo umekwisha. Yeye alibaki nje.

Jambo hilo la kubaki nje sikuwahi kulifikiria kwa zaidi ya miaka thelathini. Lilinijia pale mwaloni, mfuko wa dagaa ukiwa mkononi, mbele ya taa isiyo na kioo, na nilielewa kwamba mwanamke yule hakuwa akitufundisha hesabu peke yake. Alikuwa akimtafuta mume wake gizani, na alitupa sisi mchezo ili tusiione hofu yake. Nilipompigia simu jioni hiyo na kumuuliza, alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Kumbe ulikuwa hujalala, mwanangu."

Jumamosi nitarudi Kirumba. Nataka kumuuliza yule fundi karabai ile ilitoka mwalo gani, na kama anaiuza.